Folkert wa Baba

Norderwarf,
Friesland ya Mashariki.
12 Februari 1978.

Mpendwa mdogo wangu Harm,

U hali gani huko Kanada, na mama mtoto anaendeleaje baada ya uzazi? Sisi tu wazima, isipokuwa Baba. Macho yamezima kabisa na kifua kinambana. Daktari anasema majira ya joto hatayaona.

Barua yako ilifika Alhamisi tukiwa kwenye chai. Nilimsomea Baba kama kawaida: mtoto wa kiume, kilo nne, nywele nyeusi. Nilipofika kwenye jina nikakwama. Kevin.

"Mbona umenyamaza?" Baba akauliza. "Soma basi. Au kaona haya kuliandika jina la baba yake?"

Nikasoma: Folkert.

Harm, tangu lini katika nyumba hii kifungua mimba wa kiume akakosa jina la babu mzaa baba? Folkert alimzaa Harm, Harm akamzaa Folkert, hadi kwako. Mimi mwanangu wa pekee nilimpa jina la baba mkwe, kama desturi inavyotaka, na roho iliniuma. Jina la Baba lilikuwa lako kumpa mwanao, umelitupa. Nimekasirika, sikufichi.

Baba alilia. Kisha akaanza kunifundisha kana kwamba sijui.

"Folk ni watu, hart ni imara. Imara kati ya watu wake. Mwandikie Harm amweleze mtoto, asije akadhani ni jina la kuokota."

Jirani Okka alipokuja kuchukua mayai naye akaambiwa. "Haya mzee, sasa unaweza kufa," akamtania. Baba akamjibu, "Nife, halafu nani amfundishe kunywa chai ya kwetu?"

Jina lako nalo maana yake ni mtu wa jeshi. Jeshi gani hilo la kukimbilia Kanada, sijui.

Unasema mtakuja Pasaka. Njooni, lakini mbele ya Baba mtoto aitwe Folkert, na mkeo akubali. Kama hamuwezi, bakini huko huko. Jana Baba aliniomba niisome barua tena, nikaongeza kwamba mtoto amechukua kidevu chake. Nimeshazoea kusema uongo kwa ajili yako.

Shemeji yako Wiard na mpwa wako Eilert wanawasalimu. Mungu amkuze mtoto wenu kwa afya.

Baba naye anakusalimu, wewe na Folkert.

Dada yako, anayekupenda hata leo,
Gesche