Baiskeli Isiyo na Keria

Jumamosi, 1 Julai 1995

Nimeosha cheni kwa mafuta ya taa, nikaifuta, nikaitia mafuta ya cherehani. Gia ya tatu bado inaruka. Nimekaza waya wake mpaka ikatulia. Mikono inanuka, chai nayo imenuka. Nimeinywa hivyohivyo.

Mama Joyce wa jirani kasimama pale mlangoni. Baiskeli gani hii, haina keria, haina madigadi, haina hata kengele? Mzigo unakaa wapi? Nimemwambia mzigo ni mimi.

Kaenda zake anatikisa kichwa. Kiseke yetu nzima itajua kabla ya jioni. Wacha ijue.

Jumapili, 2 Julai

Baada ya ibada nimekwenda Kisesa. Sikufika. Kile kilima cha mwisho kimenishinda tena, nimeshuka katikati, nikakokota. Wauza mkaa nao walikuwa wanakokota za kwao, magunia matatu matatu kwenye keria. Mmoja akaniuliza, "Mama, huko unakwenda kuleta nini?"

Nikasema sileti kitu.

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

Kuendesha baiskeli. Wamecheka mpaka gunia la mmoja likalala. Ningeanguka mtaroni wasingecheka vile. Nimewasaidia kulisimamisha, nikageuza, nikarudi. Hasira mpaka nyumbani.

Kile kilima nitakipanda. Nimekaa juu ya siti, bila mguu kugusa chini.

Jumanne, 4 Julai

Masanja, mume wangu, leo ameyatoa ya moyoni. Kule kiwandani kwao, kwenye minofu ya samaki, wanamtania. Mkeo yule tuliyemwona Igoma na suruali? Mwalimu? Anakimbizwa na nani? Mama yake anakuja Jumamosi kutoka Magu. Ameniomba, kwa upole kabisa, niiweke baiskeli stoo mpaka mama aondoke.

Nimekataa.

Si mtu mbaya. Hapigi, halewi. Anaona aibu tu, na aibu yake anataka niifiche mimi. Ng'o.

Alhamisi, 6 Julai

Kontena la mitumba limefunguliwa Butimba. Shule ilipotoka nimekwenda moja kwa moja. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini: friji, viatu vya kuteleza kwenye barafu, mabeseni ya kuogeshea mbwa. Nimechimba lile lundo la vyuma mpaka nikapata seti ya gia za nyuma, ya mwisho kubwa kama kisahani cha kikombe. Hiyo ndiyo ya kupandia mlima. Muuzaji alidhani namnunulia mwanangu.

Hela ilikuwa ya kitenge cha sare, harusi ya mdogo wake Mama Joyce. Nitakwenda na gauni la zamani. Watanikalisha nyuma. Potelea mbali.

Ijumaa, 7 Julai

Sikukuu. Nimefunga gia mpya. Imekaa! Nimezunguka kiwanja mara nyingi kama kichaa. Miguu inazunguka yenyewe. Jumapili hii, Kisesa.

Jumamosi, 8 Julai



Asubuhi nimekwenda stendi kumpokea mama mkwe. Tumerudi, shikamoo na marahaba za majirani, maji ya kuoga, chai. Nimekwenda nyuma ya nyumba. Baiskeli haipo.

Masanja karudi saa nane anaikokota. Aliipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Keria! Alitaka niikute na keria, kubwa, ya nondo, kama za watu. Hapa kila baiskeli ni chuma, na kila chuma kinachomelewa. Kaka yake alifanya hivyo, baba yake alifanya hivyo. Lakini fremu yangu ni ya alumini, ndugu yake sufuria. Moto umegusa, bomba likayeyuka. Fundi akaongeza moto akidhani ni uchafu. Sasa kuna tundu la kupitisha dole gumba, na bomba la pili limepinda.

Nilijua ni alumini. Niliupenda wepesi wake. Masanja hakuwahi kuuliza, nami sikuwahi kumwambia.

"Nilitaka watu waache kukucheka," amesema.

Nimemchukia. Naandika hivyohivyo: nimemchukia. Si kwa moto. Kwa sababu baiskeli yangu mwenyewe aliitengeneza ili iwapendeze watu wengine.

Jumapili, 9 Julai

Sikwenda kanisani. Nimepika, nimefua, sikulia mbele ya mtu. Mama mkwe anasema basi yamekwisha, mwanangu, Masanja akununulie cherehani. Cherehani ina faida.

Nimesema asante mama. Moyoni nimesema thubutu.

Jioni nimetoa kila kilicho kizima: magurudumu, gia, breki, usukani, siti. Nimevipanga chini ya kitanda, upande wangu. Masanja amelala sebuleni. Sikumfukuza, na sikumwita.

Jumatano, 12 Julai

Butimba tena, mara hii na sumaku ya shule. Kila fremu naigusisha. Isiponata ni alumini, naipita; sitaki tena ya kuyeyuka. Watu wamejaa kuangalia. Mmoja kauliza natafuta madini au natoa majini. Nikamwambia nasaka chuma, nipishe.

Nimepata moja. Njano, imechubuka, nzito kuliko ile ya kwanza. Sumaku imenata pwaa! Mabomba manene, vipimo ndivyo vya magurudumu yangu. Nimeitundika begani mpaka barabarani. Wamenizomea kidogo. Mimi nacheka peke yangu.

Jumamosi, 15 Julai

Nimeijenga uani, mchana kweupe, kila anayepita aone. Fundi wa kuchomelea kaja kuomba radhi. Maskini, alikuwa anaona aibu kweli. Nimempokea, nimempa uji. Akasema hii ya chuma, mwalimu, keria nakuwekea bure. Masanja ndiye aliyejibu kabla yangu: "Hapana. Hataki keria."

Basi. Hayo tu. Kisha akachuchumaa, akanishikia gurudumu la nyuma nikaze nati. Sikumshukuru. Lakini usiku huu karudi kitandani, nami nimesogea kumpisha.

Jumapili, 16 Julai

Nimekipanda.

Nilianza chini na gia ile ya kisahani. Polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Mapaja yanawaka, jasho machoni. Hapakuwa na mtu wa kuona, hata muuza mkaa mmoja. Sikushuka. Kisesa nimekunywa soda, nimekaa kidogo kibarazani pa duka, nikageuza.

Nimefika nyumbani na vumbi mpaka kwenye meno. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mchele.

"Umeleta nini huko Kisesa?"

"Sijaleta kitu, mama."

Akaguna. Akapepeta tena. "Basi huko kuna nini?"

Nikamwambia kuna mteremko. Mrefu. Hukanyagi, hushiki breki, ni upepo tu.

Akaweka ungo chini. Akasema yeye miaka yote alikaa kwenye keria, nyuma ya marehemu baba yake Masanja, mtoto mgongoni na kuku mkononi. Kila mteremko alikuwa anafumba macho. Mbele yake mgongo wa mume tu. Akauliza, ukikaa pale mbele unaona?

Naona yote, mama.

Ungo ukabaki pale chini. Wali tumeula kwa kuchelewa.

Amesema kesho asubuhi nimshikie baiskeli, akalie siti ya mbele. Hana anakokwenda. Anataka kukaa tu.