Nilinyamaza Mbele ya Msumeno

Kitale, Jumamosi mchana

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Baba, halafu kila mtu aliye hapo nyumbani Kamukuywa. Mgongo wa Baba unaendeleaje? Ameanza kuinama kupalilia vitunguu, ama bado anakaa kwenye kiti akiwaelekeza nyinyi? Na bibi yetu Kukhu, amekubali kuvaa miwani yake? Mimi mwili ni mzima. Kwa shangazi yangu Senge nakula vizuri, hata sketi yangu ya zamani ya shule sasa inanibana. Ni moyo tu ambao haujatulia, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ya Senge husikika mpaka jikoni, na haya siwezi kuyasema watoto wakisikiliza.

Mama, hapa kazini kwenye karakana ya mbao kuna msichana anaitwa Wambui. Anatoka Kiminini, na tulianza kazi wiki ile ile. Nimekuwa nikimwonea wivu tangu siku ya kwanza. Yeye huongea na mafundi kama ndugu zake. Anamwita mwenye karakana, Bwana Surjit, "mzee wangu", na mzee huyo wa kilemba uliyemwona siku uliponileta, ambaye hacheki na mtu, anacheka naye. Mimi nikiulizwa swali, jibu hunijia nikiwa njiani kurudi kwa Senge.

Unakumbuka ile mashine iliyo katikati ya karakana, uliyoiogopa? Ni msumeno wa meza. Meza ni ya chuma, na msumeno wa duara unachomoza katikati yake ukizunguka kwa stima. Huo ndio niliotaka kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu asiyeujua hubaki kupiga msasa miaka yote.

Wiki mbili za kwanza tulifundishwa stima ikiwa imezimwa. Usiogope, Mama, Bwana Surjit ni mkali sana kwa mambo haya. Meno ya msumeno yachomoze juu ya ubao kidogo tu. Mkono usiyakaribie, ubao mwembamba unasukumwa kwa kijiti. Usivae glavu, maana ikinaswa inavuta mkono wote. Kipande kilichobaki karibu na meno usikiguse mpaka msumeno usimame kabisa. Usisimame sawasawa na msumeno, simama kando kidogo, kwa sababu ubao ukirudishwa unarudi kama teke la punda. Halafu nyuma ya msumeno kuna chuma chembamba kimesimama. Tunakiita kisu ingawa hakikati kitu. Kazi yake ni kuzuia mpasuo usijifunge na kubana meno.

Wambui aliandika hayo yote kwenye daftari. Mimi sikuandika la kisu, maana nililijua. Mama, si ni kabari tu! Ni ile kazi niliyokuwa nikifanya Baba alipokuwa akipasua magogo na Mjomba kwa msumeno wa watu wawili, mimi nikigonga kabari kwenye mpasuo ili mti usiwabane. Nilitaka kumwambia Bwana Surjit kwamba najua. Nikatazama viatu vyangu.

Siku ya kuwasha ilipofika, Bwana Surjit alinitazama kiunoni.

"Hii nguo toa," alisema. "Mashine ikishika nguo, haiulizi ya nani."

Ni ile leso uliyonifunga mwenyewe juu ya suruali, ukaniambia binti wa mzee wa kanisa haonekani na suruali tupu mbele ya wanaume. Nilishindwa kueleza. Barasa, fundi wa vitanda, akacheka. "Si utoe tu, bana! Ama imeshonwa kwa ngozi?" Wambui alikuwa na ovaroli, nywele zote ndani ya kofia. Bwana Surjit akamwambia, "Basi wewe."

Kwa hiyo Wambui akapewa mashine, na mimi nikawa mpokeaji. Mpokeaji husimama upande wa pili wa meza na kushika mbao zinapotoka. Mwezi mzima nimepokea mbao za Wambui, na zote zimenyooka. Barasa alianza kumwita fundi. Mimi aliniita Mama Leso. Na ubaya wenyewe ni kwamba Wambui ni mtu mzuri. Kila siku saa nne alikata andazi lake vipande viwili akanipa kipande kikubwa. Nilikula nikiwa na hasira.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumatano asubuhi Wambui alikuwa akichimba mifereji kwenye mbao za droo. Kwa kazi hiyo msumeno haupasui ubao mpaka juu, kwa hiyo kisu lazima kitolewe. Alikitoa, akakiweka dirishani. Alipomaliza, akabadilisha kazi, akaanza kupasua mbao ndefu za saiprasi ambazo bado zilikuwa na maji. Bwana Surjit alikuwa ameenda kununua gundi. Mimi nilikuwa mahali pangu, na dirisha lilikuwa mbele yangu. Kisu nilikiona. Alikuwa amekisahau.

Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu: Wambui, rudisha kisu. Sikuyasema. Nilijiambia kwamba ubao mmoja ukitoka umepinda, Barasa ataona kwamba hata fundi wake hukosea. Lakini nisikudanganye, Mama. Najua mti mbichi unafanya nini kabari ikikosa.

Aliwasha, akasukuma. Ubao ulipofika kwangu, niliona mpasuo ukianza kujifunga, kama mdomo. Mlio wa mashine ukabadilika. Nilifungua mdomo wangu na hakuna kilichotoka. Ubao ukaruka kurudi alikokuwa Wambui, ukampiga kwenye paja, ukaenda kugonga mabati ya ukuta mpaka yakabonyea. Barasa alikimbia akazima.

Wambui alikuwa chini kwenye vumbi la mbao. Aliinua mikono akauliza, "Vidole viko vyote? Nihesabieni!" Nilimhesabia mimi. Vilikuwa vyote kumi. Alikuwa amesimama kando kama tulivyofundishwa. Angekuwa katikati, ubao ule ungempata tumboni. Walimpeleka kliniki, wakasema mfupa haukuvunjika, ila paja lilikuwa limevimba na kuwa jeusi.

Bwana Surjit aliporudi aliuliza nani ametoa kisu. Alipompigia Wambui simu kliniki, mwenyewe alimjibu. "Ni mimi, mzee wangu. Nilisahau." Akaambiwa hatagusa mashine kwa mwezi mzima. Halafu mzee akanigeukia. "Nasimiyu, tafuta ovaroli. Jumatatu mashine ni yako."

Mama, kile nilichokitamani kilinijia hivyo. Alhamisi sikula. Ijumaa Senge aliniuliza kama nina malaria. Leo asubuhi nikamfuata Bwana Surjit alipokuwa akinoa patasi.

"Kisu nilikiona dirishani," nilisema.

"Lini?"

"Kabla hajawasha."

Aliweka patasi chini. "Mtu anasahau, mimi nafundisha. Mtu anaona ananyamaza, huyo mimi nafundisha nini?" Akaniambia nimweleze Wambui mwenyewe. Wambui akisema niache kazi, nitaacha. Akisema nibaki, nitabaki.

Wambui alikuwa amerudi, amekaa kwenye stuli akipaka gundi, mguu ameunyoosha. Nilimweleza yote. Brashi ikasimama.

"Ulikuwa unanichukia?"

"Ndiyo."

"Nilikufanyia nini?"

"Hakuna. Mzee anakupenda. Barasa anakuita fundi. Na wewe unaweza kuongea."

"Ati naweza kuongea!" Alicheka, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi. "Si uongee pia! Nani amekuziba?" Gundi ikaanza kukauka kwenye ubao. Kisha akasema, "Baki. Lakini Jumatatu mimi ndiye mpokeaji wako. Nitaweka stuli pale pale uliposimama."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kama akiona nimekosea atasema.

"Nitapiga kelele mpaka Kiminini wasikie," alisema. "Mimi si wewe."

Hata hapo, Mama, nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwamba aliweza kusema hivyo na ikawa kweli. Sijui wivu huu utaisha lini. Nakuomba uniombee, na usiniombee kwa sauti kanisani.

Jambo la mwisho ni ombi. Ovaroli nimeazimwa na mke wa Barasa, ni pana na inafunika vizuri. Naomba ruhusa ya kuvua leso nikiwa kwenye mashine tu. Barabarani nitajifunga kama ulivyoniambia. Ukikataa nitatii, nitarudi kwenye msasa na sitanung'unika. Lakini sitasimama kwenye ule msumeno na kitambaa kinachoning'inia, wala sitakivua bila wewe kujua. Nimeshaona kunyamaza kunafanya nini. Barua hii inakuja na yule mama wa vitunguu anayerudi sokoni Kamukuywa leo, kwa hiyo itakufikia kabla ya Jumapili. Mpigie Senge umwambie neno moja tu, "avue" ama "asivue". Mengine usimwambie.

Msomee Baba sehemu ya kabari, atafurahi, lakini ile ya Wambui msomee pole pole. Msalimu Kukhu na Mjomba, mwenzake Baba wa kupasua magogo. Mwalimu wangu wa shule ya Jumapili mwambie nipo. Mdogo wangu Wekesa mwambie asiguse msumeno wa Baba ulio nyuma ya mlango. Senge anamsalimu wifi yake na anasema kuku wa mwezi jana alikuwa mtamu.

Nabaki hapa nikingoja neno lako.

Binti yako,
Nasimiyu