Mlima Nilioulainisha

Mbarara, Jumapili, Aprili 2014. Mvua inanyesha tangu alfajiri na sijaenda kanisani. Sikutaka kukaa mbele za watu na hili nililonalo moyoni.

Nilimkosea baba yangu, na nilimkosea kwa namba.

Utafiti wangu hapa chuoni ni wa upepo unaopita juu ya visiwa. Hewa ikigonga mlima hupanda, uzito wake huirudisha chini, hupitiliza, hupanda tena, na mawimbi hayo huendelea mbali nyuma ya kisiwa. Mimi nayaiga kwenye kompyuta. Nilichagua Idjwi, kisiwa chetu katika Ziwa Kivu, tulichokikimbia nikiwa na miaka minne. Sikikumbuki. Baba ndiye aliyenisimulia kwamba asubuhi za kiangazi, upepo ukitoka kusini, mawingu yalijipanga ng'ambo ya mlima kama matuta ya viazi.

Niliendesha hesabu siku tatu, halikutokea tuta hata moja. Mwezi uliopita nikamfuata kambini Nakivale, nikamwonyesha picha, nikamwambia kwa upole wa msomi kwamba huenda kumbukumbu zimemchanganya.

Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa.

"Ata weye?"

Nilijua anachosema. Miaka sita iliyopita alihojiwa na maofisa wa wakimbizi ili tuhamishiwe nchi nyingine. Akaeleza jinsi mama alivyouawa na jinsi tulivyovuka ziwa, nao wakaandika kwamba maelezo yake hayaaminiki. Hakukata rufaa. Tangu hapo habari za Idjwi hamsimulii mtu ila mimi.

Kosa nimeliona wiki hii. Miteremko ya kisiwa ni mikali, na mwanzoni namba zilikuwa zinapanda ovyo hadi programu inakwama. Watu wa kazi hii hulainisha milima kidogo, yaani huipunguzia ukali ndani ya hesabu. Nililainisha, ikakwama, nikalainisha tena, mpaka ikatulia, nikasahau. Kisiwa nilichompelekea baba kilikuwa kimebaki kilima tu. Nikaurudisha mlima, nikaiacha kompyuta iende polepole siku nne. Matuta yakatokea, upande uleule aliousema.

Jana nilimpelekea picha mpya. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha, na nililia. Aliishika karatasi muda mrefu, akiifuata mistari kwa kidole chenye udongo.

"Ulikata mulima ili mashini itembee," akasema. "Pengine bale maofisa benye baliniuliza, nabo balifanya vilevile."

Kisha akaniomba nimwandikie maelezo yake upya, yote, tangu siku ile. Sijui kama baada ya miaka sita kuna atakayeyapokea. Nilimwambia hivyo. Akasema niandike tu.

Nitaanza kesho. Kuna sehemu ya habari hiyo, ile ya mama, ambayo kila akiifikia mimi huinuka nikachote maji.

Safari hii nitakaa. Wala sitalainisha kitu.