Mdiria wa Mto Tshopo

Mwanangu Kolette,

Unisamehe kwa kimya changu kirefu. Tangu vita vikate njia sikupata mtu wa kunibebea neno hadi leo, ambapo mama mmoja muuza vitenge wa Kabondo anasafiri kuja huko Bukavu.

Bado ninakwenda mtoni kila Jumapili baada ya misa. Unakumbuka desturi yetu: wewe ulitazama kwa darubini na kunieleza, nami nikataja jina la ndege. Siku hizi ninatazama na kutaja peke yangu.

Jumapili iliyopita askari alinikuta huko.

"Papa, uko naangalia nini kule ngambo? Uko espion, uko natupeleleza?"

"Ninamtazama mdiria akivua samaki."

"Lete, nione."

Alitazama, kisha akacheka. "Iko na kifua nyekundu! Alikamata samaki, iko naipiga ku muti!"

"Basi ni dume," nikamjibu, na kwa kitambo kidogo nilisahau kwamba hakuwa wewe.

Lakini darubini aliitia mkobani mwake. "Bon, papa. Commandant ndiye atasema kama utaipata."

Umeniomba mara nyingi nihamie kwenu, nami nimekataa kwa ajili ya ndege hawa. Nikirudishiwa darubini, nitabaki. Nikinyimwa, sina tena wa kukaa naye hapa, uniandalie kitanda.

Wabusu wajukuu wangu. Kamanda akishaamua, nitakuandikia.

Baba yako