Garasa za Mjomba

9 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote, kila siku anauliza kwa nini mdogo wake haji kumwona.

Niende moja kwa moja. Huu ni mwaka wa nane nashona kola. Shati zima silioni. Mikono anashona mwingine, vifungo mwingine, mimi ni kola tu, za sare za watu nisiowajua. Madirisha ya karakana wameyapaka rangi ili tusipoteze muda kutazama nje. Nikifumba macho naona kola.

Watu wanasema wewe uliishi kwa karata miaka ishirini bila bosi. Nifundishe. Nataka cherehani yangu na chumba chenye dirisha, basi.

Mpwa wako

2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua ni kile kile, tumeshazoeana. Mwambie dada ayapumzishe magoti, na mdomo pia.

Hao watu hawajakwambia yote. Siku hizi sichezi. Miaka kumi na moja iliyopita ukumbi mmoja wa kamari ulinishika kwa kosa la kujua. Sikuiba. Nilikuwa nakumbuka tu karata zilizokwisha kupita. Wakaniwekea karatasi mbili mezani: moja ya kunipeleka polisi, eti nilichora alama kwenye karata zao, nyingine ya kazi. Nikatia sahihi ya kazi. Sasa nakaa ghorofani nyuma ya kioo, nawaonyesha wachezaji wanaojua kama nilivyojua mimi, nao wanatolewa. Nalala chumba cha nyuma. Sitoki bila mlinzi. Liko sharti moja la kuniachia, nitakueleza siku nyingine.

Kwa hiyo shika kola zako. Lakini nakujua ulivyo mbishi, utaenda kufundishwa na matapeli. Basi sikiliza. Mwaka mzima usicheze hata mkono mmoja. Nunua daftari. Kila siku changa karata, zifunue moja moja, zifunike, halafu andika ulizoziona kwa mpangilio wake. Watu wote macho yao yako kwenye turufu. Wewe soma garasa, zile za kutupwa ambazo hakuna anayezikumbuka. Ukijua garasa zote ziko wapi, utajua turufu kabaki nayo nani.

Mjomba wako

18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, Mama mzima, magoti bado.

Daftari la kwanza limejaa. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakumbuka karata tisa, nikadhani kichwa changu ni cha kufugia nywele tu. Sasa nafika thelathini. Mama ananiona nanong'ona peke yangu, amekwisha kumwambia jirani nimechumbiwa na jini.

Nina la kukiri. Wiki iliyopita wakati wa chakula nilicheza na wenzangu wa karakana. Nilijiona nimeiva. Yule wa vifungo alininyoa bila maji, na mtandio wangu wa bluu akaondoka nao. Anauvaa kila siku, mbele yangu.

Mpwa wako

10 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka kifua kikanikumbusha umri wangu. Mtandio usiudai, hiyo ndiyo ada ya shule.

Ulicheza kabla ya wakati, kwa hiyo mwaka unaanza upya leo. Usininunie. Mimi nilisoma miaka mitatu kabla sijakaa kwenye meza ya watu, na wa kunielekeza sikuwa naye.

Sasa nakupa siri ambayo sijampa mtu. Kila garasa inapolala mezani, bonyeza kidole kidogo pembeni mwa karata ulizoshika. Mara moja, polepole. Kidole kinakumbuka pale kichwa kinapochoka. Nilijitungia mwenyewe, na sijamwona mwingine anayefanya hivyo.

Ukiwa tayari, anzia ukumbi wenye mlango wa kijani, karibu na stendi ya mabasi. Meza zake ni za wanaoanza. Ukumbi wangu sikutajii, usije ukanitafuta ukajiharibia. Niandikie siku na saa, nikuombee dua.

Mjomba wako

4 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ni mwaka na wiki tatu tangu barua yako. Sikucheza hata mkono mmoja, yule wa vifungo amenichokoza mpaka akachoka. Madaftari yamefika saba. Karata zote naziandika bila kukosea, na kidole kimekuwa na akili yake, hata nikila kinabonyeza sahani.

Nimeaga karakana. Nitaingia mlango wa kijani Jumamosi ya tarehe kumi na tano, saa nane mchana. Nitavaa gauni la manjano. Nimelishona lote mwenyewe, na halina kola.

Naogopa, Mjomba, lakini nafurahi kuliko ninavyoogopa. Niombee.

Mpwa wako

29 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama bado unaistahili, ila ndivyo nilivyolelewa.

Hukunijibu, nikailaumu posta. Sasa Mama ameniandikia kwamba umefika nyumbani, unakula vizuri, unashinda nje unatazama barabara. Amefurahi sana. Sijamwambia kitu.

Nilicheza kwa muda wa saa mbili. Garasa zote nilizijua, na sijawahi kuwa na raha kama ile. Kisha meneja akanigusa bega, akanipandisha ghorofani kwa adabu zote. Kiti chako nyuma ya kioo kilikuwa bado kina joto. Karatasi zilikuwa mbili, kama ulivyosema. Kwenye ile ya kazi nikalikuta lile sharti ambalo hukunieleza: mtazamaji ataachiwa siku atakapowapatia mwingine mwenye jicho kama lake.

Nilijiambia umekosea. Kwamba ulikiona kidole kwanza, ukanyoosha mkono kunionyesha kwao kabla hujauona uso wangu. Hilo nililishikilia siku nne. Siku ya tano nikafungua droo ya meza yako kutafuta kalamu, nikakuta barua yangu. Umepiga mstari mwekundu chini ya Jumamosi, saa nane, na gauni la manjano.

Nimekukasirikia. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hukunifundisha ovyo. Hakuna somo uliloruka. Ungeniambia ukweli, huenda ningekuja kukutoa mwenyewe, lakini hukuniuliza.

Kioo hiki hakina tofauti na madirisha ya karakana, ila hiki kinaonyesha watu. Kazi naiweza. Wananisifu.

Jana nimeletewa barua ya yule mwenzangu wa vifungo. Anataka nimfundishe karata, ameshanunua na daftari. Tumekaa benchi moja miaka minane, Mjomba, namjua. Anahesabu vifungo kwa vidole huku anapiga soga na hakosei. Ndani ya mwaka mmoja angekuwa hodari kuliko mimi.

Nimemjibu leo asubuhi. Nimemwambia karata sizijui, kwamba nilishindwa siku ile ile ya kwanza, na sasa niko mjini, nimepata kazi ya kushona kola.

Mpwa wako