Ujumbe Ambao Sikuufuta

Mwanaidi, mtoto wa kaka yangu, assalamu alaikum.

Nambari yako haipatikani, na wanaojua uliko wananificha. Wana haki. Ndiyo maana barua hii nimeiandika hadharani, ili yeyote wa hapa Kisauni atakayeisoma akufikishie.

Unakumbuka kila Idd ilipokaribia ulivyokuwa ukinitia hina miguuni? "Shangazi, tulia, wanichafulia ua langu," ukinikemea kama mtoto, nami na utu uzima wangu natulia. Mwanangu Athumani alipokuoa nilijigamba mtaa mzima. Nilikuwa shangazi yako, nikawa mavyaa yako pia, nikaona hakuna mama mkwe anayenishinda bahati.

Kisha akaenda kufanya kazi Uarabuni, nawe ukampelekea picha ambazo mke humpelekea mumewe. Hukukosea. Aliporudi mkaachana, baadaye akakutaka tena, ukakataa. Asubuhi moja picha zile zikaamkia kwenye simu za nusu ya mtaa, zimetoka kwa nambari asiyoijua mtu. Wewe hukutumiwa. Ulioneshwa na bibi harusi uliyekwenda kumpamba.

Ulikuja kwangu moja kwa moja. "Shangazi, twende polisi."

Nikakujibu kwa kiburi changu: "Aibu haipelekwi kituoni, mwanangu. Aibu husitiriwa. Nipe siku tatu."

Siku tatu hizo sikukaa kitako. Nilibisha hodi nyumba baada ya nyumba, hata kwa wale nisiosalimiana nao. "Toa simu. Futa nikiona." Wanawake wakatii, ulimi wangu wanaujua. "N'shafuta, bi mkubwa, wallahi." Niliporudi kukwambia kazi imekwisha, wewe ulikuwa ushakwenda kituoni peke yako. Mpelelezi alikwambia sheria ya kumshika mtu wa namna hiyo ipo, ila lazima auone ujumbe wenyewe, umetoka kwa nani na saa ngapi.

"Kwa hivyo umewafutisha wote?" uliniuliza.

Nikasema wote, tena nikitabasamu. Ukachukua buibui lako ukatoka. Tangu siku hiyo sijakuona.

Sasa nisikilize, maana nilikudanganya. Alfajiri ya siku ile, kabla ya mtu mwingine yeyote, Athumani alinitumia mimi picha moja kwa nambari yake mwenyewe, na ujumbe wa sauti yake: "Mama, mtazame mke uloniozesha. Leo mtaa mzima utamjua." Polisi walipomwita alisema simu yake iliibwa. Nami kila siku nikaisikiliza sauti ile, nikitafuta humo sauti ya mtu mwingine. Nilipokuwa nikizunguka kuwafutisha watu, Mwanaidi, sikuwa nikikusitiri wewe. Nilikuwa nikimsitiri yeye. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Juzi alikuja kunywa chai, nikamwambia ujumbe wake ninao bado. Uso ukamshuka.

"Ufute, Mama. Mimi ni damu yako."

"Na Mwanaidi ni damu ya nani?"

Akanyoosha mkono kuichukua simu, nikaitia kifuani. Tukatazamana. Sijawahi kumwogopa mtoto niliyemzaa, siku hiyo nilimwogopa. Mwisho akaondoka, chai hajaimaliza. Usiniulize nguvu nilizipata wapi, jana nilijiona tu nimekaa mbele ya mpelelezi.

"Mama, hii sauti unaijua?"

"Naijua. Ni ya mwanangu wa kwanza."

Simu wameichukua iwe ushahidi, na maelezo nimeyatia sahihi. Asubuhi ya leo nimezipitia tena nyumba zile, nikawaambia aliyetuma ni nani. Wengine walinifungia mlango. Mpelelezi anasema neno lako lina uzito kuliko langu, kwa hivyo nakuomba uje. Si lazima uje kwangu, nenda kituoni moja kwa moja. Tukikutana huko nawe usipotaka kunisalimu, sitakulaumu.

Athumani yuko ndani. Mchana nilimpelekea wali, akaurudisha kwa askari bila kuufunua. Kesho nitampelekea tena. Na siku nitakayoitwa kortini, nitasema ni yeye.

Ni mimi,
Shangazi yako.