Dumu la Edvina

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Kemondo
Tarehe: 9 Aprili 2024, saa 4:10 asubuhi
Jina: Joackim Ndyamukama
Umri: Miaka 47
Dini: Mkristo (Katoliki)
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Kemondo

Mimi ndiye mwenye majina hayo. Nashona nguo hapa Kemondo tangu mwaka 1999. Ildefons Buberwa, mwenye mtumbwi wa injini unaobeba abiria kwenda kisiwa cha Bumbire, namfahamu tangu darasa la kwanza. Ni baba wa ubatizo wa binti yangu Renatha. Nalitaja hilo mapema ili ijulikane kwamba sikudanganywa na mpita njia.

Mnamo tarehe 12 Februari 2024, saa tatu asubuhi, Buberwa alikuja kibandani kwangu na turubai la rangi ya chungwa. Aliniambia ukaguzi unakaribia, na bila maboya ya kuvaa hataruhusiwa kubeba abiria. Aliomba nimshonee maganda kumi na mawili ya maboya hayo, kila moja niliache wazi upande mmoja. Nikamuuliza, ndani unatia nini? Akasema, "Vya kuelea vinakuja kutoka Mwanza. Nitavitia mwenyewe na kufunga." Nilishona siku nne, uzi mara mbili kila mshono, kwa sababu mimi sishoni ovyo. Siku ya ukaguzi alipita akicheka. Nikamuuliza kama mzigo wa Mwanza ulifika. Akajibu, "Umefika, waitu, ndugu yangu, ondoa shaka." Nikaondoa.

Marehemu mke wangu, Edvina, alikuwa akipeleka ndizi Bumbire kila Jumatano. Hakujua kuogelea. Wanawake wa biashara hiyo wote husafiri na dumu tupu la lita ishirini, mfuniko umekazwa, ili mtumbwi ukizama mtu ashike chake. La Edvina lilikuwa la njano, na kwenye kishikio chake lilikuwa na kipande cha kitenge chekundu cha kujifungia kiunoni.

Mnamo tarehe 3 Aprili 2024, saa 1:30 asubuhi, nilimbebea mikungu hadi ufukweni. Abiria walikuwa wanawake watano, na nahodha ni Buberwa. Edvina alivaa boya. Nililinyanyua begani kwake kulipima. Lilikuwa kavu na jepesi, nikaridhika. Buberwa akamwambia, "Shemeji, hilo dumu la nini tena? Mumeo kakushonea boya, bado humwamini?" Wenzake wakacheka. Edvina akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Liache, mama Renatha, unanitia aibu."

Afande, neno hilo nililisema mimi. Liandike kama lilivyo.

Buberwa alilichukua dumu kwa mkono wake, akaliweka nyuma karibu na injini. Alisema litakaa pale lisimbane shemeji. Wale wanawake wengine wanne walivaa maboya na madumu yao hawakuyaachia. Waliondoka saa 2:05.

Saa 5:40 nilisikia kelele, nikakimbilia ufukweni. Klaudia, mmoja wa abiria, atawaeleza mwenyewe jinsi injini ilivyozima na wimbi likawapindua. Mimi naeleza nilichokiona. Wavuvi waliwaleta wanawake wanne, kila mmoja na dumu lake. Wa tano kushuka alikuwa Buberwa. Hakuwa na boya hata moja mwilini. Alikuwa amekumbatia dumu la njano, na kile kitenge chekundu kimefungwa kiunoni mwake, mafundo mawili.

Nilimuuliza, "Mwenye dumu yuko wapi?" Akaangalia chini, akasema ni amri ya Mungu. Mungu gani? Mungu hakuja kibandani kwangu kupima turubai!

Edvina aliletwa saa 8:15 mchana. Boya lilikuwa bado mwilini, zito, watu wawili walimnyanyua kwa shida. Nilikuwa na mkasi wangu mfukoni. Mbele ya watu nilipasua ule upande niliouacha wazi, uliofungwa kwa uzi wa nyavu ambao si wangu. Yakamwagika majani makavu ya migomba, yamelowa chapachapa. Kila mtu wa kwetu anatandaza majani hayo shambani, anajua yakiwa makavu ni mepesi na yakinyonya maji ni mzigo. Buberwa ana shamba la migomba. Alijua, ndiyo maana hakuvaa.

Wenye madumu wote wako hai. Aliyeniamini mimi ndiye aliyekufa, na mimi nilimwamini Buberwa. Inaniuma mno.

Koplo amenionya kwamba maneno haya yanaweza kunigeukia na mimi. Nimesema yaandikwe hivyo hivyo. Mshono ni wangu, na "liache" ni langu. Mengine yote ni ya Buberwa, na mahakamani nitayarudia akiwa ananitazama.

Niliyoyaona na niliyoyatenda yameishia hapo.

Sahihi ya shahidi: J. Ndyamukama

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Anatolia. Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Boya na dumu vimehifadhiwa kama vielelezo. Shahidi ameomba akabidhiwe dumu. Nimemweleza haliwezi kutoka hadi kesi iishe. Ameomba alishike. Aliukuta mfuniko umelegea, akaukaza, akanirudishia. Ameondoka saa 5:25 asubuhi.